Uhuru wa Fundi Cherehani

Asubuhi ile niliondoka mtaani kwetu Mwembesongo bila kujua niendako. Niliyemkimbia alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, na kosa lake lilikuwa moja: alikuwa huru kuliko mimi.

Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na zamu ya kufagia uwanja. Yeye alikataa.

"Nafagia mlangoni kwangu," alimwambia mama mwenye nyumba. "Sijaomba kufagiliwa, na sifagii kwa amri."

Wapangaji walimnunia mwezi mzima, wakawa wanampita bila salamu. Akaendelea kushona huku akipiga mluzi. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa amelifikiria jambo lake akalimaliza. Nilimwonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula.

Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu siwezi kuamriwa. Zamu yangu ilipofika, nikayasema maneno yake yaleyale. Mama mwenye nyumba alicheka.

"Hayo ya fundi hayo, baba. Ya kwako yako wapi?"

Nikafagia, nimevimba kwa hasira. Kesho yake nikabeba mkoba.

Pikapu niliyodandia ilikuwa ikienda Matombo, ikakwama karibu na kijiji kimoja. Wanakijiji walikuwa kwenye msaragambo, kazi yao ya pamoja, wakijaza mawe kwenye mashimo ya barabara. Abiria wenzangu wakashuka kuwasaidia. Mimi nilishapanga maneno ya kukataa.

"Shikamoo, mama," nilimwambia aliyekuwa akiongoza kazi. "Mimi mpita njia tu."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye migomba, kuna kivuli."

Basi. Hakuna aliyeninunia. Nikakaa, mikono ikaanza kuniwasha. Kumbe uhuru wangu unataka mtu wa kunilazimisha. Asipokuwepo, sijui niufanyie nini. Fundi angekaa pale akamenya ndizi yake kwa raha. Nilimwona kabisa akimenya, roho ikaniuma. Nikainuka kubeba mawe.

Jioni pikapu ilipoondoka mimi nilibaki, na yule mama akanipa chumba nyuma ya jiko lake, kinachonukia mdalasini.

"Unakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Haya, kaa upendavyo," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Fundi angejilaza palepale, bila deni la shukrani kwa mtu. Mimi nilisimama mlangoni na mkoba begani, kisha nikamfuata jikoni kumuuliza kesho barabarani wanaanza saa ngapi.