Nilipokataa Kumpasua Mzee Marwa Kwenye Sendofu

Aibu yangu hii mmeisikia kwa wanaonicheka, sasa leo naisimulia mwenyewe. Mimi ni nesi wa cheti, nafanya kazi zahanati huku Susuni, na siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga wifi yangu anayeolewa, kule Nyamongo nilitoka zamu nimechelewa, nikasema basi, naenda na sare yangu hivi hivi, nyeupe pee (kosa lenyewe ndilo hilo, sioni lingine).

Kuingia tu, mshereheshaji akadaka maiki: "Daktari wetu amefika!" Makofi. Kabla sijakaa, Mzee Marwa, baba mkubwa wa mume wangu, akasimama mbele ya ukumbi mzima, akafungua kola, shingoni ana uvimbe kama yai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pasua hapa, nimechoka nao."

Nikadhani utani, mpaka nikamwona mchoma nyama anakuja na kisu, amekiosha kabisa (kwa bia!), na mama mkwe anasogeza kiti.

Nikamnong'oneza mzee, "Baba, mimi ni nesi wa cheti, kupasua si kazi yangu." Maiki ikanasa. Mshereheshaji akapaza sauti: "Jamani, kumbe ana cheti tu! Hata mimi ninacho, cha ubatizo!" Ukumbi ukaangua kicheko, mama mkwe akajifunika khanga usoni, mume wangu akawa anaangalia viatu vyake.

Hapo hasira zikanipanda, nikamnyang'anya mshereheshaji maiki, nikawaambia nesi wa cheti, wa diploma na wa digrii, kila mmoja ana kazi alizosomea na ana mpaka wake, mimi nafunga vidonda, nachoma sindano, nazalisha akina mama, lakini uvimbe wa shingoni haupasuliwi na nesi wa ngazi yoyote, hiyo ni kazi ya daktari.

"Kwani huu uvimbe ni nini?" mzee akauliza.

"Sijui, baba," nikajibu kwenye maiki, "na humu ndani hakuna anayejua."

Nikampakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake (keki sikuionja), hadi kituo cha afya. Daktari akaugusa taratibu, akauliza kama kuna mtu ameuchezea, nikasema hakuna, akatuandikia hospitali Tarime. Huko wakakuta umelalia mshipa mkubwa wa damu, wakautoa kwa utaratibu wao, na mzee sasa anakula ugali vizuri tu.

Mnadhani alinishukuru? Mpaka leo anawaambia watu niliogopa. Ni kweli, niliogopa. Na akija mwingine nitaogopa tena, mbele za watu, kwa sauti.