Wanja na Dawa ya Kila Filimbi

Jamani, haijaniingia. Wanja wetu wa mtaa wa Dallas, Embu, amefariki, na mimi tangu asubuhi nazunguka nyumba yangu hapa Meru nikitafuta miwani niliyoivaa.

Wengi wenu wauguzi mlimjua kama yule tutor mkali aliyewafundisha drug administration, kumpa mgonjwa dawa, mpaka mkaota tray ya dawa. Mimi nilimjua kabla hajawa mwalimu wa mtu. Tulikuwa wasichana wawili kwenye dispensari ndogo karibu na Kibugu, kule Embu, enzi za Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, mimi Karimi wa Meru na yeye wa hapo hapo.

Alikicheka Kimeru changu kila siku. Na mimi nilimcheka kwa kuitisha chai kabla hata hajavua koti.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Salamu hazijaisha, akaitisha dawa zangu za pressure. "Unameza na nini?" Nikamwambia na chai. "Karimi! Na umekuwa nurse miaka hiyo yote! Maji iliisha?" Nikaletewa glasi kama mtoto.

Nilicheka, lakini vita vyake vya maji najua vilianzia wapi.

Siku zile watu walikuwa wamehamishwa, wakakusanywa kwenye kijiji kimoja chenye mtaro pande zote na homeguard, mgambo wa serikali, langoni. Hakuna mama aliyekuwa na saa. Ukimwambia "kutwa mara tatu", unamwambia nini?

Wanja akapata njia. Filimbi ilipulizwa asubuhi watu waende kazi ya lazima, ikapulizwa wakirudi, ikapulizwa tena kila mtu aingie ndani. Akawaambia akina mama: filimbi ikilia, mpe mtoto dawa. Nilimwona genius, na bado namwona.

Kulikuwa na mtoto mmoja, Njeru, kifua kimembana vibaya. Wanja akampa mama yake vidonge vya salfa, nusu nusu ya kusaga, mtoto anywe na maji mengi.

Halafu ikaja siku ya msako wa wapiganaji msituni. Filimbi zililia kutwa nzima. Njia ya mtoni ikafungwa, mwanamke asitoke hata kuchota maji.

Alasiri mama akatuletea Njeru mgongoni, amelegea. Hajakojoa tangu alfajiri, na ule mkojo kidogo wa mwisho ulikuwa na damu.

"Umempea dawa mara ngapi?" Wanja akauliza.

"Kila firimbi. Si ni wewe ulisema?"

Nilimwona Wanja akikauka. Wauguzi mnajua: salfa ikizidi na maji yakikosekana, inaganda ndani ya figo. Dawa iliyokuwa ya kumponya ndiyo ilikuwa inamuua. Na pipa letu la maji lilikuwa tupu.

Akatoka mbio mpaka kwa homeguard pale langoni.

"Nataka maji ya mtoto."

"Mto imefungwa. Ni order."

"Imefungiwa wanawake. Wewe ni mwanamke?"

Yule kijana akatoa macho. "Na hii lango nitaachia nani?"

"Mimi nitaangalia. Chukua debe uende, na usilete nusu."

Haki ya Mungu, alienda! Mkuki mkono mmoja, debe mkono mwingine, na Wanja amesimama langoni na apron yake, mikono kiunoni. Siku hizo kwa maneno kama hayo ungeweza kuchapwa, au upelekwe mahali watu wasikuone tena.

Tukachemsha yale maji, tukayapoza, tukatia unga kidogo wa soda ya dispensari, uisaidie salfa kuyeyuka. Wanja akampakata Njeru akimnywesha kijiko kwa kijiko, hataki mtu mwingine amguse. Kila mara anaangalia nepi. Kavu. Anaangalia tena. Kavu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuzama niliposikia kelele: "Karimi! Amenikojolea!" Apron yote imelowa, na yeye anacheka huku analia. Mama akapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Yule homeguard akachungulia mlangoni, akajifanya anatafuta debe lake.

Kwa hayo tu ningempenda mpaka leo. Lakini daktari alipokuja kwa round yake, alimgeukia mama wa mtoto: kwa nini ulimpa dawa nyingi hivyo? Mama akainamisha kichwa. Mtu wa kijiji alikuwa hana pa kujitetea.

Wanja akasema, "Daktari, alifanya vile nilimwambia. Makosa ni yangu."

Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza. Baba yake alikuwa kizuizini, mshahara wa Wanja ndio uliolisha nyumba, na alijua anaweza kufukuzwa papo hapo. Aliondolewa kwenye dawa akawekwa kufua bandeji, na akazifua bila kununa.

Aliporudishwa, ndipo ikaanza ile tabia yake mnayoikumbuka. Hakumpa mtu dawa tena bila kumwambia, "Sasa nifundishe wewe. Utampea vipi?" Kisha anangoja jibu, hata kama foleni imefika barabarani.

Njeru alipona kabisa. Mama yake alipojifungua msichana, kwa mila zamu ya jina ilikuwa ya mama mkwe. Akamwita Wanja. Mama mkwe alinuna mpaka mtoto akaota meno, na haki alikuwa nayo.

Leo nimempigia huyo Wanja mdogo. Mdogo gani, ana wajukuu! Nikashindwa kabisa kumwambia Wanja kwamba Wanja amekufa. Nikasema tu, "Yule ulipewa jina lake ametuacha."



"Auntie," akasema, "sasa hii jina nimebaki nayo peke yangu."

Lala vyema, Wanja wangu. Nakulilia hapa Meru mchana kweupe, na sioni haya.