Mashua Inayokanyagwa Pedali

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikisubiri zamu, televisheni ilipoonyesha mashindano ya mashua za kisasa. Siku hizi hazielei. Zinasimama juu ya bawa jembamba lililo chini ya maji na kupaa, na mabaharia wamevaa kofia ngumu kama za pikipiki.

Mzee mmoja wa Uvira, aliyewahi kuvuka ziwa kwa tanga, alisonya.

"Hii njo mashua? Mashua gani inaogopa maji? Batoe hii, baweke mpira."

Kinyozi akachukua rimoti. Ndipo mwendesha kabaza, aliyeegesha baiskeli yake ya abiria mlangoni, akaruka.

"Ngoja kwanza! Angalia miguu yabo!"

Tukaangalia. Ndani ya chombo kile cha fahari, wanaume wanne walikuwa wameinama wakikanyaga pedali za kuendesha mitambo ya tanga, kama wanaopandisha abiria mnene mlimani.

"Bale ni benzetu!" akasema, akijipiga kifua.

Mzee akasogeza kiti karibu na televisheni. Mara mashua ikayumba.

"Kanyaga, papa! Kanyaga!" Sauti hiyo ilikuwa ya mzee, tena amesimama.

Mashua ikaanguka majini kwa kishindo, wenzao wakaipita. Mzee akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bale bantu balikula nini asubuhi?"

"Mkate," akajibu wa kabaza kwa huruma. "Bangekula nsima, ugali ya huku."

Wajuzi bado wanabishana kama mitambo imeua utamu wa mchezo huu. Nadhani hawajawahi kuutazama wakiwa wamekaa karibu na mtu anayeijua ile kazi.