Nilivyomsifu Mama Mkwe

Hata nikiandika haya, masikio yananiwaka. Mwezi jana tulienda Lanet kwa kina mchumba wangu Wanjiku kupeleka mahari. Wanjiku alikuwa ameniomba jambo moja tu: mama yake ameshonesha kitenge kipya, nimwambie amependeza. Mimi nikaona neno hilo ni dogo. Kupendeza ni mambo ya nguo, na mimi nilitaka kumsifu mwenyewe. Nilipopewa maiki, nikasema mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Mama, wewe ni mrembo sana."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hata machoni huwa simtazami, alijifunika uso kwa kitambaa. Mjomba wangu akanivuta koti. Mjinga mimi nikadhani hawakusikia, nikarudia polepole, "Mrembo kabisa."

Wasichana watano walikuwa wamesimama pale, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni kama ilivyo desturi, wakingoja nimtambue Wanjiku kati yao. Baba mkwe akamgeukia shangazi yake Wanjiku.

"Leta leso nyingine," akasema. "Mama naye afunikwe. Huyu kijana bado hajaamua."