Kona Ambayo Mbuzi Hakufika

Harufu ya ubani ikichanganyika na ya tope hunirudisha kwenye masika moja ya miaka ya hamsini, klabu ya mtaa wetu kule Ng'ambo, Unguja, ilipopata uwanja wake wenyewe. Kabla ya hapo walicheza popote waliporuhusiwa, wakafukuzwa wakati wowote. Sasa walipewa bonde lililofukiwa kwa taka na kifusi, wakalizungushia ua wa makuti, wakasimamisha milingoti ya magoli. Mimi nilikuwa nimekwisha kuikimbia skuli. Nilikuwa mtoto wa kike wa miguu, nisiyeweza kukaa barazani na wenzangu tukisuka ukili, na hapakuwa na kazi iliyofanywa bondeni pale nisiyoikodolea macho. Watu wazima walisema bonde lile lina wenyewe, wasioonekana, waliokuwapo kabla ya taka, na wasipoombwa ruhusa watajichukulia mtu wao. Kipa wa klabu alikuwa kaka yangu, Haji.

Ruhusa iliombwa kama ilivyo desturi yetu. Siku moja kabla ya mechi ya kufungua uwanja walimzungusha mbuzi mweusi kandokando, mwalimu wa chuo cha Kurani akitangulia na kisomo, vijana nyuma wakiitikia, chetezo kikifuka moshi. Mbuzi sharti azunguke uwanja mzima arudi alipoanzia, ndipo achinjwe. Nyama huliwa papo hapo, na mifupa huzikwa bila kuvunjwa. Mimi nilikuwa juu ya rundo la makuti nikiwafuata kwa macho. Mvua ilikuwa imeacha dimbwi kubwa kwenye kona, nyuma ya goli la upande wa baharini. Mbuzi alipofika ukingoni akakita miguu. Walimvuta, akagoma, basi wakamkatisha mbele ya goli na kuendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichopungua. Goli zima likabaki nje ya duara.

Nilikimbia kwa bibi. Nilitaka anicheke. Badala yake aliniamini mara moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akavaa buibui lake, tukaenda kwa Shaame, mkubwa wa klabu, tuliyemkuta akichokoa meno. Bibi akamweleza niliyoyaona.

“Mbuzi keshaliwa, Bi Mize,” Shaame akasema. “Sasa nimzungushe nani, mimi mwenyewe?”

“Ungezunguka wewe ningelala vizuri. Anayesimama golini pale ni mjukuu wangu, si wako.”

Shaame akasema tu kwamba mtoto huyu angekuwa skuli asingeyaona hayo. Haji naye alipoambiwa alicheka, akasema hao wenyewe wa bonde wakimtaka wamnunulie kwanza njumu, yeye hendi ugenini peku. Lakini jioni ile hakumaliza chakula chake.

Siku ya mechi watu walijaa mpaka ua ukainama. Mimi na bibi tulikuwa nje, tukichungulia kwenye upenyo wa makuti. Kipindi cha kwanza Haji alisimama goli la upande wa mjini, nikapumua. Kipindi cha pili wakabadilishana. Tangu hapo sikuutazama mpira, nilitazama ardhi chini ya miguu yake. Shuti likaja chini, upande wa dimbwi. Haji akaruka, akateleza, kichwa kikagonga mlingoti, akalala kifudifudi asitikisike. Vidole vya bibi viliniganda begani, naye akisoma kwa pumzi tu, bila sauti. Kisha Haji akageuka, akatema tope.

“Imeingia?” akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza. Nilichofikiri ni kwamba mara hii wenyewe wa bonde wamemkosa, na kwamba goli lile atalisimamia tena na tena.

Tangu wakati huo nimezurura miji mingi. Uwanja sasa una ukuta wa matofali na majukwaa ya zege, dimbwi halipo, na vijana wanaodaka pale huvaa glavu na hawaulizi chini yao kuna nini. Haji ana mvi na goti bovu. Kila nikirudi Unguja, kabla ya kwenda kwake, hupita kwanza nyuma ya goli lile. Huanzia pale mbuzi alipokita miguu, nikakitembea kile kipande hadi upande wa pili, nikisoma alichonifundisha bibi. Haji anajua. Huviangalia viatu vyangu vyenye vumbi, akaniuliza, “Ushamaliza kunizungushia?”

Nami humjibu kwamba bado.