Waliondoka Alhamisi

Watu walimwita Barafu. Si kwa sababu ya ubaridi wa tabia, maana alikuwa mtu wa kucheka mpaka machozi yamtoke, bali kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa mafriji, na kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya soko. Mwenye bucha, mwenye duka la soda, mama wa nyumbani ambaye friji yake imeanza kumwaga maji jikoni, wote waliijua njia ya kwenda kwake.

Alikuwa na marafiki wawili wa kufa kuzikana. Mmoja alikuwa kinyozi ambaye mdomo wake haukupumzika hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Huyo walimwita Redio. Wa pili aliendesha gari la wagonjwa kwenye hospitali kubwa. Alikuwa mpole, wa maneno machache, na kila jina la utani walilojaribu kumbandika lilidondoka lenyewe, basi wakabaki kumwita Dereva. Walisoma darasa moja, wakaoa miaka inayokaribiana, na kila mmoja alikuwa na pikipiki aliyoipenda kuliko ilivyostahili, kama walivyosema wake zao.

Tangu ujanani walikuwa na safari moja midomoni. Wangeelekea kaskazini mpaka lami iishe, wale vumbi, wapande milima, wavuke mipaka, mpaka wafike kwenye jangwa ambalo walikuwa wamelijua tu kwa picha ya kalenda ukutani mwa kinyozi. Mwaka huu ilikuwa ada za watoto, mwaka ule ilikuwa paa la nyumba, mwaka mwingine mama wa Redio aliugua. Hatimaye kitinda mimba wa Barafu akamaliza shule na kupata kazi mbali. Jumapili moja baada ya hapo Redio alipiga meza kwa kiganja akasema, "Jamani, ama twende sasa, ama tusiitaje tena hii safari mbele za watu. Tunachekwa."

Matayarisho yalifanyika uani kwa Barafu, kwa sababu kati yao yeye ndiye aliyekuwa na mikono. Alichukua vyuma vya mafriji yaliyokufa akaviunga, akatengeneza fremu za kubebea mizigo, moja kwa kila pikipiki. Alibadilisha minyororo, akafungua kabureta, akasafisha plagi, akawafundisha wenzake kuziba pancha mpaka Redio akalalamika kwamba ameota malengelenge na wateja watamkimbia. Mke wa Barafu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na cherehani nzito isiyoogopa kitambaa chochote, na kwa cherehani hiyo akaanza kuwashonea mifuko ya turubai, miwili miwili, ya kuning'inia ubavuni.

Zilikuwa Jumapili za raha. Walipakia, wakafunga kamba, wakaenda mpaka kilima cha nje ya mji na kurudi, kisha wakapakua na kubishana nini kiachwe. Redio alitaka kubeba kioo chake cha kazini.

"Kioo cha nini jangwani?" Barafu alimuuliza.

"Nitanyoa watu. Huko nako kuna vichwa."

"Na wewe Dereva, hilo sanduku la dawa ni la kwetu watatu au umeambiwa ufungue zahanati?"

Dereva alitabasamu tu, akaendelea kupanga bandeji zake.

Barafu alianguka mara ya kwanza kwenye bucha. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, na kilichofuata alichokijua ni maji usoni na mwenye bucha akimwita jina lake halisi. Alisema ni njaa. Mara ya pili ilikuwa nyumbani, mchana, mezani. Kijiko kilimtoka mkononi, macho yakageuka, mwili ukaanza kutetemeka, naye mke wake akamlaza sakafuni na kumkinga kichwa kisigonge miguu ya meza. Hospitalini, daktari hakuzungusha maneno. Alisema ni kifafa, na kwamba hicho huwapata hata watu wazima ambao hawajawahi kukiona maishani. Akampa vidonge. Kisha akasema, "Ngazi, hapana. Pikipiki, hapana. Mpaka tuone muda mrefu umepita hujaanguka."

Barafu alivipokea vidonge, maneno mengine akayaacha pale pale mlangoni. Jumapili iliyofuata aliwaambia wenzake, "Daktari kanipa dawa. Nimepona." Redio akashangilia. Dereva aliinamia kamba aliyokuwa akiikaza, akaikaza tena. Mke wa Barafu alikuwa amesimama kizingitini na birika la chai. Wageni walipoondoka alikaa karibu na mume wake.

"Baba watoto, nakuomba. Usiende."

"Tumeshaongea hilo."

"Wewe ndiye uliyeongea. Mimi nimesikiliza tu."

"Nimesubiri tangu nina nywele nyeusi. Unataka sasa nikae nisubiri nini? Kufa?"

"Na ukianguka huko?"

"Nikianguka huko nitakuwa nimefika huko. Na hao wakinikatalia, nitawafuata peke yangu nyuma. Waambie."

Alisema vile kwa hasira, pengine hakumaanisha. Lakini mke wake aliyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Siku ya kuondoka ilipangwa kuwa Jumamosi. Alhamisi, Barafu alimaliza friji ya mwisho, akafunga kibanda mapema, akaenda kwa Redio kunyolewa. Alitaka kuondoka na kichwa safi. Alikuta mlango wa kinyozi umeshushwa, na kufuli jipya limening'inia. Pembeni, fundi viatu alikuwa akipiga msumari kwenye kisigino. Alimwangalia Barafu, nyundo ikabaki hewani.

"Mbona wewe upo?"

"Nipo vipi?"

"Si mmeondoka asubuhi? Nimewaona wenzako na mizigo. Mimi nikadhani wewe umetangulia."

Barafu alicheka. Alidhani ni utani wa Redio, na fundi viatu amepangwa. Alitembea mpaka kwa Dereva huku bado anatabasamu, akitunga jibu la kuwarudishia. Uani kwa Dereva, pale pikipiki ilipokuwa ikikaa, palikuwa na doa la oili tu na tofali la kuegeshea. Mke wa Dereva alikuwa anaanika nguo. Alipomwona, alishika shuka ikiwa bado inachuruzika maji, wala hakuianika wala hakuirudisha kwenye beseni.

"Shemeji, karibu ukae."

"Wako wapi?"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nakuuliza, wako wapi?"

Yule mama alitazama chini. "Nenda nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Kaongee na mwenzio."

Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka. Njia ya kurudi kwake hakuiona. Watu walimsalimia, baadaye wakasema aliwapita kama hawajui.

Mke wake alikuwa amekaa mbele ya cherehani, lakini hakuwa anashona. Ilionekana alikuwa akimsubiri tangu asubuhi. Hakujaribu kukana.

"Mimi ndiye niliyewaomba," alisema. "Usiwalaumu. Nilikwenda kwa Dereva nikamlilia. Alikataa. Nikaenda tena. Ile siku ya tatu akaniambia, 'Shemeji, hata mimi silali.'"

"Mlikaa mkanipangia."

"Tulikaa."

"Nyote. Mkala njama, mkaja hapa mkanywa chai yangu, nikawafungia fremu, nikawapigia oili. Redio pia alijua?"

"Alijua tangu wiki iliyopita. Alilia kama mtoto."

Barafu aligeuka, akaiona mifuko yake ya turubai juu ya kiti. Ilikuwa imeshonwa vizuri kuliko ile ya wenzake, kingo zimepigwa uzi mara mbili, na ndani kuna mfuko mdogo wa kuwekea vidonge.

"Na hii uliishona ya nini?"

"Ningeshona ya wawili tu, si ungeuliza yako iko wapi?"

"Kwa hiyo ulikaa hapo ukashona, huku unajua."

"Nilishona huku nalia. Ungeingia siku moja ungenikuta." Kisha akanyoosha mkono, akaweka ufunguo wa pikipiki mezani. "Nimeshafanya niliyoyafanya. Ukitaka kuwafuata, huu hapa. Sitakushika tena."

Barafu aliuchukua. Akatoka, akapanda, akaingiza ufunguo. Mke wake alisikia injini ikiwaka, akaziba masikio. Iliunguruma muda mrefu pale pale. Halafu ikazimwa. Alipotoka nje alimkuta bado amekaa juu yake, mikono kwenye usukani, machozi yanamshuka bila sauti.

"Nitamfuata vipi mtu anayenikimbia?" alisema.

Siku zilizofuata Redio alipiga simu kila walipopata mtandao. Barafu aliiona simu ikiwaka na kuzimika. Ujumbe wa sauti alikuwa haufungui. Usiku alilala akitazama ukuta, mchana alikwenda kazini na kurudi, na kwa mke wake alitoa maneno ya lazima tu. Nipe chumvi. Maji yamekatika. Alikula alichopakuliwa. Mwanamke yule alijikaza kisabuni mbele za majirani, ila sare za shule za msimu ule ziliharibika nyingi, maana alikuwa akikosea vipimo alivyovipima maisha yake yote.

Wenzake wakiwa bado njiani, Barafu alianguka tena. Ilikuwa asubuhi, uani, akinawa uso. Alijigonga juu ya jicho kwenye ukingo wa beseni. Alipozinduka kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mke wake, kanga imelowa damu, naye anampepea kwa mkono.

Alilala vile muda, akisubiri mawingu yaache kuzunguka. Aliwaza kona za mlimani. Aliwaza Redio akija nyuma yake kwa kasi.

"Mlifanya sawa," alisema hatimaye.

Mke wake alianza kulia.

"Sikiliza. Mlifanya sawa. Lakini mliniacha."

Walirudi wakiwa wamekonda, ngozi imebabuka kwa jua, midomo imepasuka. Hawakupitia majumbani kwao, walikuja moja kwa moja uani kwa Barafu na pikipiki zao zenye vumbi, wakasimama kama wanafunzi waliochelewa. Barafu aliwatazama. Alikagua fremu zake kwanza. Zilikuwa nzima.

"Kaeni," alisema. "Chai ipo."

Redio alisimulia. Alisimulia kwa haraka, bila kutia chumvi, na hilo peke yake lilionyesha jinsi alivyoogopa. Mchanga ulivyowameza mpaka magoti. Usiku wa baridi ambao hawakuutegemea. Barafu alisikiliza, akauliza maswali ya kiufundi, akacheka mahali pa kucheka. Kisha Redio akamgeukia Dereva, akasema, "Na yule mbuzi!" na wote wawili, hata Dereva asiyecheka, waliangua kicheko, wakashikana mabega, wakafuta macho. Barafu alitabasamu, akangoja aambiwe.

"Ehe? Mbuzi gani?"

Redio alifungua mdomo. "Alikuwa... Tulikuwa tumelala, sasa Dereva akaamka... Aa, ungekuwepo ndiyo ungeelewa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Redio aliweka kikombe chini.

"Mngeniambia," Barafu alisema.

"Ungekataa," Dereva akajibu.

"Ningekataa, ndiyo. Ningewatukana. Ningewafukuza hapa uani, na mama wa watu huyu ningemnunia. Halafu siku ya kuondoka ningekuja kuwafungia kamba. Ningewasukuma mpaka barabarani. Hicho ndicho mlichoninyima. Safari, basi. Lakini hata kuwaaga?"

Dereva alisugua uso wake kwa viganja. "Kazi yangu unaijua," alisema. "Nimeokota watu wa pikipiki mpaka nimechoka. Wengine nawaokota vipande. Kila nikikufikiria, nakuona nyuma ya gari langu. Nilishindwa kukwambia usoni. Niliogopa ukiniangalia nitakubali uje. Sikuwa na ujasiri. Ndiyo hivyo tu."

Mke wa Barafu, aliyekuwa amesimama kizingitini, alirudi ndani.

Barafu aliiuza pikipiki yake kwa mwalimu wa mji wa jirani, mtu asiyemfahamu, ili asiione ikipita. Kwa Redio aliendelea kunyolewa, na Redio aliendelea kupiga domo, lakini habari za jangwa hakuzigusa tena Barafu akiwa kwenye kiti. Zile Jumapili za uani zilikufa, hakuna aliyezizika. Dereva ndiye aliyekuwa akija, siku ambazo hana zamu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ndani ya kibanda, akashika tochi Barafu alipohitaji mwanga. Wakati mwingine walishinda hivyo mpaka jioni.

Kwa mke wake ilichukua muda zaidi. Baada ya kuanguka kule uani, daktari alikuwa amesema asitembee peke yake njia ndefu, basi kila asubuhi mama yule alimsindikiza mpaka sokoni, amembebea sanduku la spana begani. Mwanzoni walitembea mmoja mbele, mwingine nyuma.

Asubuhi moja, karibu na geti la shule, mke wake alimuuliza akiwa nyuma yake, "Utanisamehe lini?"

Barafu hakusimama, ila alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Nilishakusamehe kitambo," alisema. "Kuumia ndiko hakujaisha."

Alilishusha sanduku begani mwa mke wake, akashika mshiko mmoja, mke wake akabaki na mwingine, wakavuka barabara.