Ndoo Niliyoimwaga kwenye Moteri

Harufu ya petroli mbichi juu ya chuma cha moto hunitia hofu mpaka leo, na fundi ni mimi. Wateja wangu hapa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, hawalijui hilo. Wanaona mwanamke mnene mwenye ovaroli, anayezitukana jeep zao za zamani mpaka wanacheka, basi wanadhani siogopi kitu. Ninyi nitawaambia, lakini msinicheke. Kila nikifungua kifuniko cha moteri, kabla sijashika hata spana, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa aliyesimama kando ya barabara na ndoo tupu mkononi.

Tulikuwa tunatoka Mitwaba, siku ya pili ya safari, katika jeep ya baba. Lilikuwa gari kuukuu la rangi ya majani makavu, milango yake inafungwa kwa kamba. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na alilipenda lile gari kupita kiasi. Mama alikaa nyuma, amempakata mdogo wangu Kasongo, mtoto wa miaka miwili. Homa ilikuwa imemshika siku tatu, na asubuhi ile degedege likamjia kwa mara ya kwanza. Macho yaligeuka meupe, mikono ikakakamaa, meno yakasagana. Mama aliita, "Kasongo we! Kasongo we!", kama vile mtoto amekwenda mbali na inabidi arudishwe. Nesi wa Mitwaba alikuwa ametuambia tu: hospitali kubwa, Lubumbashi, na msichelewe.

Sasa sikilizeni ujinga wetu sisi watu wa kule. Barabara ile ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye nyusi, na mtu anayetoka vijijini huona aibu kuingia mjini nalo. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya Lubumbashi magari yalikuwa yanasimama. Watu wananawa, wanabadilisha nguo, wanaosha gari likang'aa, ndipo wanaingia mjini kama watu. Hata siku ile, na mtoto anaungua kwa homa, baba alisimama.

"Papa Ngoie, mutoto anakufa, weye unasimama kuosha motokari?" mama alipiga kelele, akimwita baba kwa jina langu kama kawaida.

"Tukifika hivi, batasema siye bantu ba mu pori," baba akajibu. "Batatuacha ku banc ya kungojea mpaka kesho. Ni dakika tano tu."

Akazima moteri. Mama, huku analia, alimpangusa Kasongo na kumvalisha shati la kanisani. Baba alishika magurudumu. Mbele ya gari palikuwa pangu. Nilitaka tumalize upesi, tuondoke, Kasongo apone, kwa hiyo sikupangusa kwa kitambaa kama nilivyofundishwa. Nilijaza ndoo nikaitupa yote, kwa nguvu zangu zote, kwenye meno ya mbele ya jeep. Ndani kukalia tshiii, moshi mweupe ukatoka. Nilifurahi, jamani. Nilidhani nimeipoza moteri ya watu.

Baba akageuza ufunguo. Moteri ikazunguka, ikakohoa, haikushika. Akageuza tena, na tena, mpaka bateri ikaanza kuchoka na sauti ikawa ya kuvuta miguu. Akatoa manivela, kile chuma cha kuzungushia moteri kwa mkono, akaizungusha hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna kitu. Harufu ya petroli ilijaa pale, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanafika. Akachomoa waya wa buji, ile plagi inayotoa cheche, akausogeza karibu na chuma cha moteri, akamwambia mama ageuze ufunguo. Sote tulikodoa macho kutafuta cheche. Haikuonekana hata moja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ndoo yangu. Cheche ni moto, nami nilikuwa nimemwaga maji. Hata mtoto wa miaka tisa alijua moto na maji vinafanyiana nini. Malori ya madini yalipita yakitutupia vumbi jipya, baba akapunga mikono yote miwili, hakuna lililosimama. Kisha degedege likarudi. Safari hii Kasongo alikaa kimya baada yake, mdomo wazi, na mama akaweka sikio kifuani mwake kwa muda mrefu mno. Nikajiambia, Ngoie, umemuua ndugu yako. Nilikuwa bado nimeishika ile ndoo tupu. Kusema niliogopa, kunyamaza niliogopa zaidi, maana nikinyamaza baba angeendelea kutafuta ubovu mahali ambapo haupo.

"Papa," nikasema, "nilimwanga maji mu moteri. Ndoo yote."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua nilimwona baba ananitazama, na uso wake umelegea, umepoa kabisa, karibu atabasamu. Nilidhani amefurahi kwa kuwa ubovu umejulikana. Akamgeukia mama akasema kwa sauti kubwa, "Ni maji! Ngoie alimwanga maji mu delko!" Mama akanigeukia. Alinitazama tu, na ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechagua kofi.

Delko ni kile kikombe kinachogawa moto kwenye buji, na kweli hakipendi unyevu. Baba alikifungua, akakikausha kwa kitambaa cha kichwa cha mama, akasugua vichuma vya ndani kwa ubavu wa kiberiti. Labda dakika kumi. Akajaribu, wapi! Akakausha tena, akajaribu, wapi! Basi akakaa chini kando ya gurudumu, kichwa mikononi, na mama akaanza kuomba kwa sauti. Jua lilikuwa limeinama tayari baba aliponyanyuka kujaribu mara ya mwisho. Jeep ikawaka mara moja, kama haijawahi kukataa. "Aksanti Mungu, imekauka," baba akasema.

Kasongo hakufa. Madaktari walimpigania siku nyingi, na tulimrudisha nyumbani akiwa hai, ila masikio yake yalibaki kule; hasikii mpaka leo. Daktari alisema inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa dawa kali, inaweza kuwa kuchelewa, hakuna anayejua. Nyumbani kwetu walisikia hilo la mwisho tu. Likawa na jina: maji ya Ngoie. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Lakini hakuniachia Kasongo tena hata kwa dakika moja. Nikinyanyuka kumbeba, anasema, "Leka, nitamubeba miye." Nikiteka maji ya kumwogesha, "Leka, nitateka miye." Ile leka, yaani acha, niliisikia mpaka nilipoolewa.

Mwaka jana mteja aliniletea jeep ya aina ile ile. Inawaka vizuri asubuhi, akasema, lakini ukiizima ikiwa na joto, haiwaki tena mpaka ipoe. Nikaitembeza, nikaizima, ikagoma, cheche hakuna. Nikaigusa bobini, kile kikopo kinachotengeneza moto wa cheche, ikaniunguza vidole. Nikaifunika kitambaa kibichi, nikangoja ipoe. Ikawaka. Mimi nikakaa chini kwenye mafuta machafu na ovaroli langu safi, kwa sababu kuna jambo sijawaambia, na mimi mwenyewe sikuwahi kulihesabu. Siku ile, tangu alfajiri mpaka kwenye kijito, baba hakuzima moteri hata mara moja. Tuliponunua mkate ilikuwa inanguruma. Alipomimina petroli kutoka kwenye dumu ilikuwa inanguruma, na mama anamgombeza kwamba atatuchoma wote.

Jumapili nilikwenda kwa wazee. Baba alikuwa amekaa uani, na Kasongo, ambaye sasa ana ndevu na watoto wawili, alikuwa karibu naye akirekebisha kiatu.

"Papa," nikasema, "ile siku haikuwa maji."

Hakujifanya hajaelewa. "Najua," akasema. "Fundi wa Mitwaba alinikatazaka kuzima moteri ikiwa ya moto. Miye nikazima."

"Na ukaniachia miye?"

"Nilimuogopa mama yako. Nikasema, weye uko mutoto, utasahau."

Mtoto hasahau, baba. Mtoto anakuwa fundi. Ndipo nilipouelewa ule uso wake uliolegea pale barabarani. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata wa kumtwika. Palikuwa na watu wawili wenye hofu mbele ya moteri ile, na mdogo ndiye aliyebebeshwa ya mkubwa. Nilikuwa na hasira, siwafichi, nikataka kuondoka bila kuaga. Lakini mama alikuwa mlangoni, na alikuwa amesikia yote.

"Miaka yote nilikuwa namukatalia mutoto kubeba ndugu yake," akamwambia baba polepole, "na weye ulikuwa unaangalia tu?"

Baba akainamisha kichwa. Kasongo akaweka kiatu chini, akatutazama midomo mmoja baada ya mwingine, akisubiri mtu amweleze tumesema nini. Mama akataka kwenda kwake, akasita, akanisogezea mimi kiti mbele ya Kasongo, nimweleze mimi.